Kitabu Namba Mia Tano Thelathini na Mbili

Ipo nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani utaikosa, kwa kuwa imeangukia palepale karatasi inapokunjwa. Hapa tutaiita Maridhia. Raia wake wameridhika na kila kitu, na wale wachache ambao hawajaridhika wamepewa fomu ya kujaza, na wanaendelea kuijaza.

Maridhia inawapenda sana wakutubi wake. Kila mwaka kuna Juma la Kuwaendeleza Wakutubi, na katika juma hilo maktaba za wilaya zote hutumiwa kalenda yenye picha ya Waziri akiendeleza. Upo hata Mfuko wa Taifa wa Kuwaendeleza Wakutubi. Mfuko huo ulizinduliwa kwa ngoma, matarumbeta, fulana za rangi tatu na keki yenye umbo la kitabu kilichofunguliwa, na uzinduzi ukafana kiasi kwamba ulipomalizika, Mfuko nao ulikuwa umemalizika. Hakuna aliyelalamika. Walioila keki walisema ilikuwa na zabibu.

Raheli Mbwilo hakuila. Yeye alikuwa Lukwili, wilaya ambayo ukifika lami inapoishia bado una safari ya siku nzima, na huko alikuwa mkutubi pekee wa maktaba ya umma kwa mwaka wa kumi na tisa. Alikuwa na miaka arobaini na minne, mrefu, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kuzimeza. Vitabu vyake alivijua kwa maradhi yao. Kilikuwapo cha ufugaji wa nyuki kilichokatika nyuki wakiwa bado hawajaingia mzingani. Kilikuwapo cha mapishi ambacho ukurasa wa pilau uling'oka, na kwa miaka mingi akina mama wa Lukwili waliruka kutoka kuosha mchele hadi kupakua. Kurasa zilizolegea Raheli alizifunga kwa kamba ya katani, akavipanga vitabu rafuni, navyo vikakaa hapo vimefungwa viuno kama wagonjwa wa mgongo.

Mwezi Julai ilifika barua. Tume ya Kuhesabu Vitabu ingetembelea Lukwili Jumatatu ya mwisho ya Novemba, kwa mujibu wa Kanuni ya Rafu. Kanuni hiyo ilikuwa fupi na haikuwa na huruma: maktaba ya umma ni chumba chenye vitabu mia tano au zaidi vinavyosomeka kuanzia jalada hadi jalada. Vikipungua hapo, si maktaba tena. Ni chumba, na vyumba vyote vya serikali vilikuwa chini ya Mkuu wa Wilaya.

Mkuu wa Wilaya alikuwa na viti vya plastiki elfu moja na mia mbili vya mikutano ya hadhara, vilivyokuwa vikilala nje na kupauka kwa jua. Tangu mwaka jana alikuwa akipita maktabani kusalimia, na kila akija kusalimia alikuwa na futi ya kupimia.

Raheli alihesabu. Vitabu mia tano thelathini na moja. Akaviondoa vyenye kamba kiunoni, vikabaki mia moja tisini na moja. Alijaribu kushona kimoja kwa sindano ya godoro, kingine akakipaka gundi ya viatu, na cha tatu akakifanya vyote viwili. Alipoviharibu vyote vitatu, alikaa chini kati ya rafu na kulia. Alilia kwa sauti, hata Bi. Tatu Mwinyipembe, mama lishe wa ng'ambo ya barabara, akaacha chapati jikoni na kuja mbio.

Bi. Tatu ndiye aliyekuwa na kadi ya msomaji namba moja. Alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na mitano, katika chumba hichohicho, kidole chake kikifuata kidole cha Raheli, na tangu hapo alisoma kila kilichokuwa na herufi, hata maelezo ya dawa ya panya.

"Dada Raheli, nani amefariki?"

"Bado," alisema Raheli, akimpa barua.

Bi. Tatu aliisoma mpaka mwisho, pamoja na anwani. "Sasa wewe hukufundishwa kushona vitabu?"

"Nilifundishwa kuvipanga."

"Basi nenda ukafundishwe. Serikali si inasema kila siku kwamba inawaendeleza?"

Maneno hayo Raheli alikuwa ameyasikia kila mwaka kwenye kalenda, lakini hajawahi kuyasikia kutoka kwa mtu aliyeyaamini. Kesho yake alifunga maktaba, akatia ndani ya mkoba daftari la kuingizia vitabu na muhuri wa maktaba, kwa sababu kanuni ilikataza mkutubi kuachana navyo hata akienda kuoga, akapanda basi kwenda mji mkuu.

*

Afisa wa Maendeleo ya Wakutubi aliitwa Bwana Shilogile. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, mpole, na alizipenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira: alijua zilifungwa mwaka gani na nani alizipigia pasi.

"Mama Mbwilo, umekuja wakati mzuri," alisema akimvutia kiti. "Fursa ziko tele. Shida yetu ni watu wa kuzichukua." Akavaa miwani na kusoma ubaoni. "Kozi ya Kushika Sinia ya Mkasi kwenye Uzinduzi, siku tatu. Kozi ya Kupiga Makofi kwa Pamoja, ngazi ya awali na ngazi ya juu. Semina ya Namba Saba, inayofundisha jinsi ya kuomba nafasi ya kuhudhuria Semina ya Namba Nane."

"Na Semina ya Namba Nane inafundisha nini?"

"Hakuna aliyewahi kufika."

"Mimi nataka kujifunza kushona vitabu, Bwana Shilogile. Nina vitabu mia tatu na arobaini vimekatika."

Afisa alivua miwani. Katika miaka yake yote kwenye kiti kile, hakuna mtu aliyewahi kuja kuomba kujua kitu. "Warsha ya kushona vitabu ipo," alisema taratibu. "Iko hapahapa, ghorofa ya chini. Fundi wake anaitwa Bibi Koletha. Ni hodari sana, na huu ni mwaka wa nane hana kazi."

"Basi naomba nishuke."

"Huwezi kushuka. Warsha inapokea vitabu tu. Wewe ni mtumishi, na watumishi wako kwenye Mfuko."

"Na Mfuko ukoje?"

Bwana Shilogile aliinamisha kichwa kama mtu aliyetajiwa marehemu. Raheli naye aliinamisha chake, kwa adabu, na wakakaa hivyo kidogo.

"Lakini Fungu la Kukarabati Vitabu lipo," afisa aliendelea, "halijaguswa. Kitabu kikiletwa hapa kina haki ya wiki sita za ukarabati, malazi, na chakula mara mbili kwa siku."

"Kitabu kinakula?"

"Fomu tuliazima Wizara ya Mifugo. Tulibadilisha kichwa cha habari, ndani hatukupata nafasi."

Nje waliokuwa kwenye Kozi ya Kupiga Makofi walipiga makofi, wakaacha, mmoja akachelewa, wakaanza upya. Kisha Raheli akauliza, kwa sauti ileile ya chini aliyokuwa akiulizia wasomaji kitabu walichochelewesha: "Na kitabu, kisheria, ni kitu gani?"

Swali lilimfurahisha Bwana Shilogile. Alifunua kitabu chake cha kanuni, ambacho nacho kilikuwa kinamwaga kurasa, akasoma: "Kitabu ni kitu chochote kilichoingizwa katika daftari la maktaba ya umma, kikapewa namba na kupigwa muhuri na mkutubi mwenye mamlaka."

Raheli alitoa daftari mkobani, akalifungua mezani kwa afisa na kuandika chini ya kitabu cha mwisho. Namba: mia tano thelathini na mbili. Jina: Raheli Mbwilo. Waandishi: Mbwilo na mkewe Adelina. Mahali kilipotolewa: zahanati ya Lukwili. Idadi ya kurasa: haikuandikwa. Hali: kimetumika sana, mgongo unauma. Akakunja mkono wa gauni, akaupuliza muhuri na kuukandamiza juu ya kiwiko.

Bwana Shilogile alisimama. Alilizunguka dawati akautazama mkono ule kwa karibu, akautazama na ukurasa wa kanuni, akatafuta kosa na hakuliona. Machozi yalimlengalenga, kwani alikuwa hajawahi kuona kanuni ikitumika vizuri kiasi kile.

"Karibu sana, kitabu," alisema.

*

Ilibaki kuorodheshwa. Hakuna kitabu kilichoruhusiwa kuteremka warshani bila kujulikana ni cha rafu gani, kwa hiyo Raheli alipelekwa kwa waorodheshaji watatu wa Taifa, watu makini ambao hawakuwa wamekubaliana kuhusu jambo lolote tangu waajiriwe.

Wa kwanza alimweka kwenye Historia, kwa sababu ya miaka yake kumi na tisa kazini. Raheli alimwangalia, naye mworodheshaji akafuta mwenyewe. Wa pili alisema mkutubi anayetoka Lukwili kuja kutafuta mafunzo ni lazima awe Hadithi za Kubuni. Wa tatu alisema ni Dini, maana bila imani asingekuja. Siku ya tatu, Raheli akiwa amekaa kwenye benchi na kuchoka kugeuzwageuzwa, aliwanyang'anya kalamu, akajiandika Kazi za Mikono, nao wakatia saini wote watatu. Ilikuwa mara yao ya kwanza kukubaliana, na walipeana mikono kwa aibu.

Bibi Koletha alimpokea mlangoni akiwa amevaa aproni iliyoganda kwa gundi ya zamani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vyeusi kwenye ncha. Alisoma hati ya mapokezi, akausoma mkono wa Raheli, akamtazama machoni.

"Wewe ni kitabu?"

"Kwa wiki sita, bibi."

"Vizuri. Kitabu cha mwisho kuletwa hapa kilikuwa kimelowa mafuta ya taa. Nawa mikono uje."

Hapo tena hapakuwa na mchezo. Bibi Koletha alifundisha kama mtu aliyebanwa na maneno kwa miaka minane. Raheli alijifunza kupitisha uzi kwenye nta ya nyuki usikate karatasi. Alijifunza kutoboa mikunjo kwa msumari mwembamba, matundu matano, yote kwenye mstari mmoja, na kushona kurasa fungu kwa fungu, kila fungu likimshika mwenzake. Alijifunza kupika gundi ya unga wa muhogo, ikoroge polepole, mwaga tone la siki wadudu wasije. Alijifunza kubandika shashi, kitambaa kile chembamba, mgongoni na kulaza kitabu chini ya jiwe, kisha kungoja, ambalo lilikuwa somo gumu kuliko yote. Wiki ya kwanza alishona vibaya, na Bibi Koletha alifumua bila kusema neno. Wiki ya nne alishona kitabu cha kanuni cha Bwana Shilogile. Kilipokauka akakifungua, kikalala wazi kikiwa kimetulia, na kurasa zote zikarudi kwao. Raheli alicheka peke yake. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu akiwa msichana, ile ya mikono kuweza jambo ambalo jana haikuliweza.

Siku ya mwisho Bibi Koletha alimjazia cheti: Kitabu kimekarabatiwa. Hali: nzuri sana. Wiki nane na ushei zilikuwa zimebaki kabla ya Tume, na Raheli alifunga mizigo yake akiimba.

*

Cheti kilipanda ghorofani, na ghorofani ndiko alikokuwa Profesa Ndimbo, Mkurugenzi wa Maktaba za Taifa. Profesa alikuwa ameandika hotuba thelathini kuhusu ukarabati wa vitabu na hakuwa amewahi kupata kitabu kilichokarabatiwa cha kuzihutubia. Mchana huohuo viti vilipangwa uani, waandishi wa habari wakaitwa, na wahitimu wa Kupiga Makofi ngazi ya juu wakaketi mstari wa mbele.

"Ndugu wananchi, ndugu waandishi wa habari, ndugu kitabu," alianza Profesa. "Wapo wanaouliza: serikali imefanya nini? Mimi nawajibu: tazameni mgongo huu! Ulikuja umepinda, leo umenyooka! Hili ni jalada la mafanikio yetu. Na kwa kuwa ni mafanikio yetu, hatuwezi kulirudisha kwenye vumbi la Lukwili, ambako litasomwa ovyo na kila mtu. Natangaza kwamba kitabu hiki kitahifadhiwa katika Chumba cha Vioo cha Vitabu Adimu, hapa makao makuu, milele!"

Makofi yalipigwa kwa pamoja. Hata aliyekuwa akichelewa hakuchelewa.

"Mheshimiwa," Raheli alisema, akisimama, "kule kuna vitabu vinaningoja. Novemba maktaba inageuzwa stoo ya viti."

Profesa alitabasamu kwa upole wote wa cheo chake. "Mama, kitabu hakichagui rafu."

Chumba cha Vioo kilikuwa kizuri. Kilipozwa kwa mashine ili karatasi zisipate unyevu, na Raheli aliombewa sweta. Alipewa kiti, taa, na kibandiko chenye namba yake. Wajumbe walikuja makundi kwa makundi, wakaambiwa wasiguse na wasipige picha kwa mwanga mkali. Wengine waliuliza ni cha mwaka gani, wengine kama kimetafsiriwa. Kulikuwa na chakula mara mbili kwa siku. Aliandika barua tatu kuomba arudishwe, na kila barua iliingizwa kwenye orodha kama kiambatisho cha kitabu. Siku zilikwenda. Usiniulize alikuwa na hali gani. Mikono ilimwasha, na alikaa akifumua na kushona upya ukosi wa sweta ya serikali ili mikono isisahau kazi.

Siku ya ishirini na tatu mtu aligonga kioo kwa kiganja kizima. Alikuwa Bi. Tatu Mwinyipembe, amevaa kanga ya safari, ana kopo la chapati kwapani, na nyuma yake mlinzi akimwambia vyakula haviruhusiwi karibu na vitabu.

"Dada Raheli! Wamekufunga?"

"Hapana, Bi. Tatu. Wamenihifadhi."

"Mkuu wa Wilaya ameshaingiza viti mia mbili. Anasema ni vya kujaribia kama vitaenea." Bi. Tatu alibandika uso kwenye kioo, akasoma kibandiko cha Raheli tangu mwanzo hadi mwisho, midomo ikitembea. Alipofika kwenye muhuri wa maktaba ya Lukwili aliweka kidole kiooni. "Hii si mali ya maktaba yetu?"

"Ni mali ya maktaba za umma."

"Na mimi si nina kadi?"

*

Bwana Shilogile aliletewa ombi mezani: Msomaji namba moja wa Lukwili anaomba kuazima kitabu namba mia tano thelathini na mbili. Aliweka kalamu chini. Profesa Ndimbo hakuwapo, alikuwa amesafiri kuzindua kalenda ya mwaka ujao.

"Vitabu adimu haviazimwi," alisema, kwa kuwa ndivyo kanuni ilivyosema na yeye hakuwa mtu wa kuificha. Bi. Tatu alikaza macho. Raheli, aliyeletwa akiwa bado na sweta, alitazama sakafu. Ndipo afisa akafunua kitabu cha kanuni, kile kilichoshonwa upya, nacho kikafunguka sawasawa kwenye ukurasa wa kumi na nane. Kwa miaka mingi ukurasa huo ulikuwa umenaswa ndani ya mkunjo wa jalada, na hakuna afisa aliyewahi kuusoma. "Kitabu adimu," alisoma polepole, "ni kitabu chenye umri usiopungua miaka mia moja." Akainua uso. "Mama Mbwilo, una miaka mingapi?"

"Arobaini na minne."

"Basi bado," alisema Bwana Shilogile, akijitahidi sana kuonekana amesikitika. Akamgeukia Bi. Tatu. "Siku kumi na nne. Unaweza kuongezewa mara mbili, hukohuko Lukwili, kwa muhuri wa maktaba. Usikilowanishe, usikikunje, usile juu yake."

"Nitakula naye," alisema Bi. Tatu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zilizojaa mstari mzima.

Walipanda basi asubuhi. Chapati zilikuwa zimekauka, na Raheli alizila zote.

Ilibaki wiki tano, na vitabu zaidi ya mia tatu vyenye kamba. Raheli alijua kwamba peke yake hawezi. Kwa hiyo hakushona peke yake. Aliwaita wasomaji wote wa Lukwili, akawakalisha kwenye viti vya plastiki vya Mkuu wa Wilaya, vilivyokuwa vimeletwa kwa wakati hasa, na kuwafundisha kama Bibi Koletha alivyomfundisha: fumua, rudia. Fundi viatu alikuwa wa kwanza kuelewa matundu matano. Walimu wa shule walikuwa wa mwisho, kwa sababu walikuwa wakisoma kila ukurasa walioushika. Gundi ilipikwa kwenye sufuria kubwa ya maharage ya Bi. Tatu, na hakuna aliyeipaka vizuri kumshinda mwenyewe, kwa kiganja kilichozoea kupaka mafuta chapati. Vitabu vililazwa chini ya mawe, chini ya magunia, chini ya mashine ya kusaga ya jirani. Ukurasa wa pilau ulipatikana ndani ya kamusi. Mkuu wa Wilaya alikuja kusalimia, akakuta hakuna mahali pa kunyooshea futi, akapewa sindano. Tunaambiwa alishona fungu moja na nusu, na haikuwa mbaya.

Tume ilikuja Jumatatu ya mwisho ya Novemba, watu watatu wenye makoti. Walihesabu siku mbili, wakifunua kila kitabu kuanzia jalada hadi jalada, huku mji mzima umesimama nje haupiki wala hausagi. Walipata mia tano na tatu vinavyosomeka.

"Daftarini kuna kingine," alisema mwenyekiti, "namba mia tano thelathini na mbili. Kiko wapi?"

"Kimeazimwa," alisema Bi. Tatu. "Na mimi."

Mwenyekiti aliandika kimeazimwa, akapiga muhuri kwamba chumba kile ni maktaba. Kelele zilizopigwa hapo hazikufundishwa kwenye kozi yoyote. Raheli alikumbatiwa hadi mgongo ukalia.

*

Bahasha kutoka makao makuu ilifika siku tatu baadaye, siku moja kabla ya muda wa mwisho wa kuazima kwisha. Ndani kulikuwa na taarifa ya mwaka ya Wizara. Wakutubi waliopatiwa mafunzo mwaka huu: hakuna. Wakutubi walioomba mafunzo: hakuna. Kwa hiyo Mfuko umetimiza lengo lake. Nyuma ya taarifa, kwa mwandiko wa Bwana Shilogile, kulikuwa na orodha.

Hotuba ya Profesa ilikuwa imetangazwa redioni. Wakutubi wa wilaya nyingine waliisikia, kila mmoja katikati ya kamba zake, wakaulizia makao makuu, wakaambiwa kitabu kile kinajua kushona na kinaazimwa, nao hawakujaza fomu ya Mfuko. Waliwapa wasomaji wao karatasi wakaandika maombi ya kuazima kitabu kile. Nyamwete ina vitabu mia mbili na saba vizima. Itobo ina tisini. Maktaba arobaini na moja zilikuwa kwenye foleni, siku kumi na nne kila moja, na kitabu kinachongojwa na mwingine, wote walijua, hakiongezewi muda.

Bi. Tatu aliisoma orodha yote. Kisha akaikunja mara nne.

"Tutasema umepotea," alisema. "Mimi nitatozwa faini."

"Bi. Tatu."

"Tutasema umeliwa na mbuzi. Umelowa. Umeangukia chooni."

"Bi. Tatu!" Raheli alikasirika, na safari hii hakuzimeza hasira zake. "Miaka kumi na tisa nimesimama pale mlangoni nikiambiwa habari za mbuzi! Kila mbuzi wa wilaya hii ameshakula kitabu! Na kila mara kulikuwa na mtu ananingoja nje, anakitaka kitabu kilekile, anarudi mikono mitupu. Leo wewe, kadi namba moja, ndiye unaniambia hivyo?"

Bi. Tatu alikaa kwenye kiti cha plastiki. Alikuwa analia. "Ni mwaka na nusu, dada. Nimepiga hesabu. Mwaka na nusu na zaidi."

"Na mimi nimepiga." Raheli alikaa naye. Hakutaka kwenda. Alikuwa amepigania chumba kile mpaka akawa kitabu, na sasa kilikuwa chake, kimejaa, kinanukia gundi, naye hakuwa na ruhusa ya kukaa ndani yake. Alilisema hilo kwa mdomo wake, wazi, na Bi. Tatu alimshika mkono, palepale wino ulipokuwa umeanza kufifia.

Fundi viatu aliingia kurudisha kitabu cha nyuki, akawaona, akakiweka mezani taratibu na kutoka.

"Nani yuko wa kwanza?" aliuliza Bi. Tatu hatimaye, akipangusa uso kwa kanga.

"Nyamwete."

"Wana unga wa muhogo huko?"

"Sijui."

"Nitakufungia." Alikunjua karatasi, akainyoosha juu ya goti kwa kiganja, akapitisha kidole kwenye majina yote, moja moja, mpaka chini kabisa mahali palipobaki wazi. "Dada Raheli. Wewe bado ni mkutubi wa hapa mpaka kesho?"

"Mpaka kesho."

"Basi niandike."

Raheli alichukua kalamu. Chini ya maktaba ya arobaini na moja aliandika: arobaini na mbili, Tatu Mwinyipembe, Lukwili. Akaupuliza muhuri, akaukandamiza, na kumpa ufunguo wa mlango.